Upepo Safi, Hewa Chafu

Mtaani walimwita Bi Pua, na wala hakukasirika. Jina lilianza kama mzaha wa mumewe, fundi cherehani mwenye ulimi mrefu kuliko utepe wake wa kupimia, aliyezoea kuwaambia wateja kwamba mkewe analipwa kwa kunusa upepo. Wateja wakacheka, watoto wao wakalidaka, na jina likamkaa kama gauni lililoshonwa kwa kipimo. Na ukweli haukuwa mbali sana na mzaha huo. Kila asubuhi gari la kituo lilimchukua kwenye kona ya barabara, likapanda naye kilima hadi juu kabisa, penye nyumba nyeupe ya vyumba viwili iliyosimama kando ya mlingoti mrefu wa chuma. Kutoka kwenye ncha ya mlingoti lilishuka bomba jembamba, likapenya ukutani, likapita chumba cha pampu na kuishia kwenye mtambo wa kupimia hewa. Pampu ilivuta, mtambo ukapima, kompyuta ikachora mstari. Kazi ya Bi Pua ilikuwa kuutazama mstari huo na kueleza unasema nini.

Mstari wake ulihusu gesi za majokofu. Zile za zamani zililitafuna tabaka la ozoni, lile linalotukinga na makali ya jua, mpaka dunia ikakubaliana kuziacha. Zilizoshika nafasi yake hazina ugomvi na ozoni, ila zina tabia yao: zikishapanda angani hushika joto kama blanketi zito, na kilo moja tu huweza kushinda kilo elfu za hewa ya ukaa. Bi Pua alikuwa ameifuatilia mojawapo ya hizi mpya kwa miaka. Iliongezeka polepole, kama maji yanavyopanda kisimani msimu wa mvua, na hata kasi yake ilipozidi siku za karibuni, haikumshtua.

Mpaka asubuhi moja alipokuta jino.

Ndivyo walivyoita jambo hilo pale kituoni. Mstari umelala, ghafla unasimama wima, unafika ncha, kisha unateremka taratibu. Jino lilimaanisha kwamba wingu la gesi limepita, na hilo si ajabu. Upepo ukitoka mjini, kwenye mafriji na magari yenye viyoyozi, lazima ulete chochote. Lakini Bi Pua alipoangalia upepo wa saa ile, aliona ulitoka upande wa msitu. Huko hakukuwa na barabara, sembuse jokofu. Upepo ulikuwa safi na hewa ilikuwa chafu. Akaukodolea macho mstari ule kama mtu aliyeletewa sahani asiyoiagiza.

Alifanya ambalo mtu mwenye akili hufanya, akaushuku kwanza mtambo. Alizima pampu, akavikagua viungio vyote vya bomba na kuvijaribu kimoja kimoja kama vinavuja. Vilishika. Akapitisha hewa ya mtungi, ile ambayo kiasi cha kila gesi iliyomo kinajulikana, na mtambo ukaisoma sawasawa. Akawasha tena, akarudi kitini. Siku chache baadaye jino likatokea tena, upepo ukiwa ule ule wa msituni, na tangu hapo likawa linakuja na kuondoka kama mgeni asiyebisha hodi.

Sasa, pale kituoni walioruhusiwa kugusa mitambo walikuwa watatu tu. Wa kwanza ni Mkurugenzi, mzee aliyekianzisha kituo wakati kilima kile kina nyasi na mbuzi tu. Alikuwa karibu kustaafu, na siku nyingi alishinda ofisini mjini. Wa pili ni Bi Pua. Wa tatu ni kijana aliyerudi majuzi kutoka masomoni ng'ambo, mwembamba, mpole wa maneno, aliyekabidhiwa mistari ya hewa ya ukaa na methani. Kwa kuwa huyu na mzee wote walikuwa na udaktari wa vitabu, dereva aliwatenganisha kwa majina: Daktari Mkubwa na Daktari Mdogo. Bi Pua hakuwa na udaktari, ila alikuwa na miaka mingi kazini na makala moja iliyokuwa njiani kuchapishwa, iliyosema kwamba gesi yake sasa inapanda kwa kasi kuliko inavyokiriwa na viwanda. Kila mtu alijua kiti cha Mkurugenzi kitakwenda kwa mmoja wa hawa wawili, ingawa hakuna aliyelitamka.

Hapo ndipo shaka ilipopata pa kukalia.

Bi Pua alianza kuona mambo ambayo zamani yangempita. Daktari Mdogo alikuwa na mtindo wa kuingia chumba cha pampu na kufunga mlango nyuma yake. Chumba kile kilikuwa na kelele na joto, hakikuwa mahali pa mtu kupumzika. Alikaa humo kidogo, akatoka mkono ukiwa mfukoni na macho yamelengwalengwa na machozi, akapita bila kumtazama mtu. Bi Pua akajaribu kukumbuka, na kila alivyokumbuka ndivyo kamba ilivyozidi kukaza: meno yalianza baada ya kijana huyu kufika, na siku aliyoitwa mkutanoni mjini mstari ulilala kama mtoto aliyeshiba.

Jioni alimsimulia mumewe, aliyekuwa akipiga pasi kola ya shati la mteja. Akamweleza kwamba mtu yule anaingiza kitu kwenye bomba ili vipimo vyake viharibike, makala ikataliwe, na kiti kimwangukie yeye.

"Si umuulize," mumewe akasema.

"Nimuulize nini? Mwizi haulizwi kama ameiba."

"Basi umeshakata kitambaa, ndiyo sasa unatafuta mtu wa kumpima. Nguo ya hivyo haimkai mtu, mke wangu."

Bi Pua akamjibu kwamba yeye fundi anajua vitambaa, hajui watu. Mumewe akauliza kwa upole kama kuna siku vitambaa vimekuja dukani peke yao, na mazungumzo yakaishia hapo.

Hakumuuliza Daktari Mdogo. Alimtegea. Aliaga kazini kwamba kesho yake anakwenda hospitali kung'olewa jino, na moyoni akacheka, maana haukuwa uongo kabisa. Asubuhi hiyo alipanda kilima kwa miguu, akapitia njia ya nyuma ya wakata nyasi, na kufika juu akihema. Mlango wa chumba cha pampu ulikuwa umefungwa. Akaufungua kwa mkupuo. Daktari Mdogo alikuwa amechuchumaa nyuma ya pampu, karibu kabisa na bomba, na mkono wake ulikuwa unateremka mfukoni na kitu kilichofumbatwa.

Kijana alishtuka, akauliza kama Dada hakwenda hospitali. Bi Pua akasema daktari wa meno hakuwepo. Kijana akaeleza kwamba alikuwa akisikiliza mkanda wa pampu, kwamba kuna sauti haimpendezi. Sauti yake mwenyewe ilikuwa nyembamba na imekauka. Bi Pua akaitikia, akaenda kukaa mbele ya kompyuta na kikombe cha chai, na kabla chai haijapoa jino likasimama kwenye kioo, refu na la wazi.

Kesho yake alikwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Mzee alimsikiliza akizungusha miwani yake mkononi, akamtuma dereva kumleta kijana. Daktari Mdogo akasimama mbele ya meza na kukana kila kitu. Alipotakiwa aeleze alichoficha mfukoni, alisema ni mambo yake binafsi, hayahusiani na kazi. Mkurugenzi akamtazama, akangoja. Ndipo kijana alipogeuka.

"Mzee, kuna jambo sikutaka kulisema," akaanza, bila kumtazama Bi Pua. "Meno haya yako kwenye mstari mmoja tu, mstari wa Dada. Makala yake inasema gesi hiyo inapanda kwa kasi. Mimi gesi ikipanda napata nini? Anayefaidika ni nani?"

Akaendelea. Kumbe naye alikuwa akimpeleleza. Alimwona Bi Pua akizunguka na mtungi wa gesi, akifungua viungio bila kumwambia mtu. Alijua kwamba alidanganya kuhusu hospitali na kupanda kilima kwa njia ya kificho. Bi Pua alisikiliza, na akaona kwamba kila alilolifanya ili amkamate mwenzake, likisimuliwa na mdomo mwingine, linageuka kuwa la mhalifu. Alifungua kinywa kujitetea, akajisikia akisema yale yale ambayo kijana alikuwa amemaliza kuyasema.

Mkurugenzi hakugomba. Alinyoosha mkono, akataka funguo za wote wawili, akasema atapanda mwenyewe kwa muda, na mwingine yeyote asionekane kilimani. Wakati wote alipokuwa huko peke yake, hakuna jino hata moja lililotokea. Habari hiyo ilikuwa mbaya kwa kila mtu, kwa kuwa sasa ilikuwa dhahiri kwamba mkono wa mtu umo. Ofisini karani akawa anapunguza sauti Bi Pua akipita. Dereva, aliyekuwa haishiwi vichekesho, akaanza kuwasha redio mapema.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Bi Pua alikuwa mkali kwa watoto na mkimya mezani. Jioni moja akamuuliza mumewe ghafla kama naye anamshuku.

"Mimi sikushuku," mumewe akasema. "Ila naona siku hizi nikirudi kutoka dukani unanikagulia mifuko."

Alilisema kwa kicheko, lakini lilikuwa kweli, na wote wawili walijua ni kweli. Alikuwa ameanza kuinusa nyumba yake kama anavyonusa upepo.

Mwishowe Mkurugenzi akawarudisha kazini, kwa sharti moja: wataingia pamoja na kutoka pamoja, na hakuna atakayebaki chumba chochote peke yake. Wakawa kama wafungwa wawili waliofungwa pingu moja. Daktari Mdogo akisimama, Bi Pua anasimama. Akitoka nje kunyoosha miguu, Bi Pua yuko mlangoni. Siku zilipita, mstari ukalala, na Bi Pua akauchukulia utulivu ule kama ushahidi: mwizi amebanwa, ameacha kuiba. Aliona kijana anapanda ngazi tatu za mlango na kusimama kidogo. Aliona anazungumza kwa sentensi fupi fupi. Akaona ni kiburi, au dhamiri inamsuta.

Kisha ikaja ile siku ya moshi. Ilikuwa majira ya kiangazi, na chini ya kilima wakulima walikuwa wakichoma magugu kabla ya kulima. Kwa kawaida moshi huo hubaki bondeni, lakini asubuhi hiyo upepo uliubeba hadi juu, ukaingia kila tundu la nyumba ile. Dereva alikuwa ameshuka mjini. Daktari Mdogo alikohoa kwa muda, akiwa ameinama juu ya meza yake, kisha akainuka bila neno na kuelekea chumba cha pampu, ambako dirisha halikuwepo na mlango ulifunga vizuri. Bi Pua akamfuata unyounyo.

Akamkuta ameegemea ukuta, mabega yakipanda na kushuka, mkono mmoja umekamata mfuko wa suruali na hauingii. Alikuwa akimtazama Bi Pua kama anamsubiri aondoke.

"Usinifanyie maigizo," Bi Pua akasema. "Sitoki humu."

Kijana akateleza ukutani hadi chini. Hapo ndipo Bi Pua alipousikia mluzi ndani ya kifua chake, mwembamba, unaotoka kwa shida hata chini ya kelele za pampu, na akaona kucha zake zimepoteza rangi. Akapiga magoti. Akautia mkono wake kwenye mfuko ule ule aliotamani kuupekua kwa muda wote huo, na kilichotoka kilikuwa kikopo kidogo cha dawa ya pumu, kile ambacho watu hukiita inhela.

Alikitikisa, akamwekea mdomoni, akabonyeza, akamwambia avute. Akabonyeza tena. Akamshika mgongo, akamwambia apumue naye, taratibu, hivi, hivi, kama alivyowahi kufanya na wanawe walipokuwa wadogo wakipaliwa. Kwa mkono mwingine akampigia dereva simu arudi haraka. Mluzi ukawa mzito, kisha ukalegea, na kijana akaanza kupata hewa ya kutosha kufumba macho.

Walipotoka, Bi Pua alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, mbele ya kompyuta. Wote wawili waliliona likianza. Mstari ulisimama, ukapanda, ukapita urefu wa meno yote yaliyotangulia.

Bi Pua akakigeuza kikopo na kusoma maandishi madogo ya ubavuni, ingawa hakuhitaji kuyasoma.

"Kinachosukuma dawa humu ni nini?"

"Gesi yako, Dada."

"Ulijua?"

"Nilijua kilichomo. Sikujua kwamba bomba linavuja. Viungio ulivijaribu mwenyewe, vikashika. Nikajiambia hewa ya chumbani haiwezi kuingia."

"Na uliposimama mbele ya Mzee ukaninyooshea kidole?"

Kijana aliinamisha kichwa. Pumzi yake bado ilikuwa fupi.

"Siku ile nilikuwa nimeshaanza kushuku kwamba ni mimi."

Bi Pua aliinuka, akaenda dirishani, akawapa mgongo kijana na kompyuta. Nje hakukuwa na cha kutazama ila moshi. Nyuma yake kijana alieleza kwamba kazi ya kwanza aliyopata baada ya masomo walimwondoa walipojua ana pumu, na alipokuja hapa alitakiwa athibitishe kwamba kifua chake hakina tatizo, kwa sababu ya kupanda mlingoti. Akathibitisha. Chumba cha pampu alikichagua kwa kuwa kelele zake zilifunika mlio wa dawa. Hakuomba asamehewe. Dereva alipofika, wakamshusha hospitali.

Kijana aliporudi kazini, walianza na bomba. Mara hii hawakuzima pampu. Waliiacha ikavuta mpaka ikapata moto na kutetemeka kama kawaida yake, kisha Bi Pua akachukua inhela iliyokaribia kwisha, akawa anaibonyeza mbele ya kiungio kimoja, wanangoja, wanafungua mlango chumba kipigwe na upepo, halafu kinachofuata. Walipofika kwenye nati iliyo nyuma ya pampu, jino likaja juu kama limeitwa. Nati ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Pampu ikiwa baridi, ufa ulijifumba, ndiyo maana jaribio la kwanza halikuona kitu. Pampu ikipata moto, ulifunguka na kunyonya hewa ya chumbani. Nani aliikaza nati ile hadi ikapasuka, hawakujua. Kila mmoja wao alikuwa ameishika kwa wakati wake, na Mkurugenzi pia.

Daktari Mdogo alikuwa wa kwanza kuona maana yake. Akafungua mstari wake wa hewa ya ukaa na kuukuza kwenye kioo. Vilikuwepo vinundu vidogo vidogo, ambavyo siku zote alidhani ni pumzi ya msitu. Sasa walivitazama na kuvitambua. Siku waliyokuja wageni wa wizara na kujazana chumbani, kinundu. Asubuhi waliyozozana wao wawili kuhusu nani afunge mlango, kinundu. Pumzi zao zilikuwa zimechanganyika na hewa ya dunia, na walikuwa wakizipeleka kwa wanasayansi wa ng'ambo kama vipimo.

Kwa hiyo makala ya Bi Pua haikuwa na miguu. Kasi aliyoiona ilikuwa imeongezewa na dawa ya mgonjwa. Alilielewa hilo kabla ya mwenzake kulisema, na mwenzake hakulisema.

Usiku ule hakupata usingizi mzuri, na shetani wake alizungumza kwa hoja nzuri. Nati inaweza kubadilishwa. Mstari utalala. Kijana hatafungua kinywa, maana siri yake imo humo humo. Makala itatoka, kiti kitakuja, na atakuwa na mtu wa chini yake atakayemtii maisha yote. Asubuhi alimweleza mumewe yote hayo, pamoja na ya shetani. Mumewe hakuleta mzaha. Aliuliza tu kama huyo kijana anaendelea vizuri. Bi Pua akaona aibu kwamba hilo halikuwa la kwanza kwake.

Kilimani alimkuta Daktari Mdogo ameshavaa koti.

"Nakwenda kwa Mzee," kijana akasema. "Usipotaka kuja nitaelewa. Makala ni yako."

"Ukienda peke yako atadhani nimekutuma," Bi Pua akajibu. "Twende."

Walidhani kazi ngumu ni kusema. Ngumu ilikuwa kuaminiwa. Mkurugenzi aliwasikiliza hadi mwisho, miwani ikizunguka mkononi, kisha akawatazama kwa zamu kama hakimu wa soko.

"Juzi mlikuwa paka na chui," akasema. "Leo mmekuja na hadithi moja, na ndani yake hakuna mwenye kosa isipokuwa nati. Mnadhani nimezeeka kiasi hicho?"

Hakukubali mpaka waende naye juu. Akawaweka wote wawili nje ya mlango, akaingia na inhela mkononi, akabonyeza mwenyewe mbele ya kila kiungio. Walimwona kupitia dirisha la chumba cha mbele akirudi kwenye kompyuta, akikaa, akingoja. Jino lilipopanda, mzee hakusogea. Alikaa pale muda mrefu. Kisha akawaita, akauliza swali moja tu: tangu lini. Wakamwambia hawajui, labda tangu pampu ya zamani ilipobadilishwa, na hiyo ilikuwa muda mrefu kabla kijana hajafika. Humo mlikuwa na vipimo alivyotaka viwe heshima yake ya kustaafia. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasema viwekewe alama ya shaka vyote, vya kwake vikiwa vya kwanza.

Bi Pua aliiondoa makala yake kabla haijachapishwa. Daktari Mdogo alikatazwa kupanda mlingoti, akabaki kazini. Kuhusu ile ahadi ya kifua kizima alipewa onyo kali, na nusu ya wakubwa walitaka aondoke. Kiti cha Mkurugenzi hakikwenda kwa yeyote kati yao. Akaletwa mama mmoja kutoka kituo kingine, ambaye siku ya kwanza aliwasalimia, akavua viatu vyake virefu na kukagua viungio vyote vya bomba kwa mikono yake, bila kuwauliza neno.

Mtaani habari zilifika zikiwa zimepinda. Wengine walisema Bi Pua amenyamazishwa na wenye viwanda. Wengine, na hawa ndio waliomuuma zaidi, walisema kumbe habari zote za hewa kuharibika ni dawa ya pumu tu, wasomi wametutisha bure. Mteja mmoja alilisema hilo dukani akipimwa suruali, na mumewe Bi Pua, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi, akamrudishia mtu kitambaa chake.

Bi Pua na Daktari Mdogo hawakuwa marafiki wa kutembeleana. Siku moja wakila chakula cha mchana kijana alimwambia, kwa upole wake ule ule, kwamba neno "maigizo" bado linamrudia akilala. Bi Pua akamwambia hata yeye kidole kile bado anakiona. Wakamaliza kula. Lakini mlango wa chumba cha pampu ulibaki wazi, na inhela ilikaa juu ya meza nje kwenye kibaraza, pahali ambapo yeyote angeweza kuichukua ikihitajika.

Walikusanya vipimo upya kwa kiungio kipya, wakasubiri mpaka mstari uwe na urefu wa kutosha kusema kitu. Wakaandika makala kwa pamoja. Waliopewa kuikagua waliwahoji kama polisi: kwa nini vipimo vya zamani vimewekwa kando, nani aliyekuwa chumbani, ni nini kinachothibitisha kwamba ufa hauko tena. Walijibu kila swali, hata yale yaliyowataja kwa ubaya. Ikachapishwa. Kasi ilikuwa ndogo kuliko ile ya mwanzo, lakini ilikuwepo, na haikuwa na dalili ya kupungua.

Jioni Bi Pua alimpelekea mumewe nakala dukani. Fundi aliishika kwa ncha za vidole, kama kitambaa cha bei kubwa, akaitazama picha ya mstari unaopanda, akauliza kama hiyo ni habari nzuri.

"Hapana," Bi Pua akasema, akavuta kiti. "Ila ni ya kweli."

Mumewe akaitikia kwa kichwa, akaiweka juu ya rafu mbali na mafuta ya cherehani, kisha akamuuliza kama amekula.